Nusu ya Zulia la Baba

Mhunze, Kishapu
14 Januari 2024

Kwako Dada Philomena, Mama Loveness,

Shikamoo dada. Najua utaitikia kwa mdomo uliobinuka, lakini itika, maana shikamoo haina kesi na mtu.

Sisi huku hatujambo. Mvua imetunyeshea mpaka mbuga imekuwa ziwa na pamba ya jirani inaogelea. Mke wangu Esta anakusalimu. Presha yake inapanda kila anaponiona naingia na kitu kwapani, na sababu yake utaiona mbele. Mwanangu Amosi yuko Shinyanga mjini anajifunza umeme wa magari. Mama yuko palepale Songwa, kwenye mji wa baba. Hajambo, isipokuwa macho. Sasa anatutambua kwa kikohozi. Mimi ananitambua hata nisipokohoa. Anasema kelele zangu zinatangulia miguu.

Nakuandikia kwa sababu namba yangu umeifungia. Nilijaribu kwa simu ya Esta, ukaifungia. Nikaazima ya katekista, ukalifungia na Kanisa. Basi nikakumbuka kwamba duniani kuna kitu kinaitwa karatasi, na kwamba Bujiku, yule dereva wa fuso anayepeleka mtama na mbuzi huko Geita kwa njia ya Kahama, hakuna anayeweza kumfungia, kwa kuwa mdomo wake haukuumbwa na kufuli.

Sasa jambo lenyewe. Cheka polepole, dada. Nimekuwa mkusanyaji wa mazulia ya kale.

Kabla ya Noeli alifika hapa bwana mmoja wa Arusha, Bwana Herman, na gari lililojaa mpaka juu ya paa. Anazunguka nchi akitafuta vitu vya kufumwa vya zamani: mazulia ya Uajemi na Uturuki yaliyoachwa na wenye vinu vya pamba, misala, kaniki za mabibi zetu, nguo za magome ya miti kutoka Uzinza. Anavaa miwani mbili, moja usoni na nyingine kifuani kwenye uzi. Akishika zulia hasemi zuri wala baya. Analigeuza chali kama bwana mifugo na ndama, anahesabu mafundo mgongoni, kisha anaguna. Nilimfuata kila alikokwenda nikijifunza kuguna. Nilipoona naguna vizuri kuliko yeye, nikajua niko tayari kununua.

Mkusanyo wangu unakua. Nina msala wa Bukhara nilioupata mnadani; Esta aliuosha, ikajitokeza pembeni nembo ya kiwanda. Nina nguo ya gome la mti ya watemi wa Kizinza, ambayo nikiitundika ukutani inanuka kahawa na kwa ndani ina herufi zilizofifia. Esta anasema ni gunia. Mimi nasema watemi nao walikunywa kahawa. Nina busati ambalo bado sijajua ni la nini. Na juu ya yote hayo nina nusu yangu ya zulia la baba.

Unalikumbuka. Mwenye kinu alipofunga biashara alimwachia baba, akamwambia, “Mzee, hili ni la Uajemi, limetuzidi umri mimi na wewe.” Baba akalitandika sebuleni Songwa, na tangu hapo Jumapili baada ya misa hakukalia kiti tena. Nusu yako unayo tangu siku ile ya kugawana urithi, Baba Mdogo Masalu alipolikata kwa panga. Na tangu siku ile hujakanyaga Songwa. Silisemi hilo kwa ubaya. Nimelitaja tu kwa kuwa liko njiani.

Bwana Herman alipoiona nusu yangu, miwani zote mbili zilishuka. Swali lilikuwa moja: nusu nyingine iko wapi? Nusu mbili zikikutana, dada, itakuwa habari nyingine. Nakuomba uilete. Usimpe Bujiku, Bujiku hulala juu ya mzigo. Usimpe konda wa basi. Ilete kwa mkono wako mwenyewe, tena uilete Songwa, siyo hapa kwangu, maana pale ndipo kuna nafasi ya kulitandika.

Ni mimi mdogo wako, msomi wa mazulia,
Donatus


Nyarugusu
11 Februari 2024

Donatus,

Marahaba. Nimeitikia kwa mdomo uliobinuka, kama ulivyoagiza.

Sisi wazima. Loveness yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa pili, na bado anafumba macho akichoma sindano. Ninamwombea mgonjwa wa kwanza. Huku mvua imejaza maji kwenye maduara ya dhahabu, wachimbaji hawashuki, wamekaa vijiweni wanacheza drafti na kudanganyana. Kwa hiyo barua yako haikunishangaza. Huu ni msimu wa uongo.

Nimeisoma mara moja. Mara ya pili sikuona sababu. Wewe uliyerudi mnadani na beberu ukatuambia ni mbuzi wa maziwa, leo unakagua mafundo ya Uajemi? Beberu yule alikuwa na kila dalili, Donatus. Kila dalili ilikuwa inaning'inia.

Mkusanyaji! Huku kwetu mtu anayeokota vilivyotupwa na wenzake ana jina lake, na jina lenyewe halisemwi mbele ya watoto. Kitu cha kutandika chini wewe unakitundika ukutani. Kesho utatundika kitanda, ulale umesimama. Na huyo Herman wako mwenye macho manne simshangai. Kila zama ina mtu wake wa kuja Usukumani kutuambia kwamba kile tulichokuwa tunafutia miguu ni mali. Ninayemshangaa ni yule anayemfuata nyuma akiguna.

Kuhusu nusu yangu, usijisumbue, iko mahali pake. Nina nyumba ya vigae siku hizi, kama hukusikia. Sebuleni nusu hiyo imetandikwa chini ya meza ya kioo, na mtu akiingia anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ile kijani yake bado inang'aa kama siku baba alipolileta. Siwezi kuitoa hapo kwa ajili ya mtu wa Arusha. Akiitaka, aje, na soksi zake ziwe safi.

Ya kwako iko katika hali gani? Hukusema. Mwanaume anayeulizia mali ya mwenzake na kunyamazia ya kwake, huwa nina mashaka naye.

Msalimie Mama. Mwambie nina kazi nyingi.

Mama Loveness


Mhunze
25 Februari 2024

Dada Philo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Esta, na nilipofika kwenye yule beberu alicheka mpaka presha ikashuka. Kwa hiyo wabeja, asante sana, umeniokolea safari ya zahanati. Lakini beberu mwenyewe nakuomba tumsamehe. Alikuwa na sura ya upole.

Amosi amekuja na ujuzi wake, akatengeneza pikipiki ya jirani. Sasa ukikanyaga breki inapiga honi. Mama amevuna choroko zake. Anaanika juu ya turubai na hakuna siku asiyolalamika, ati turubai linazipika. Zulia la baba lilikuwa linazikausha taratibu bila kuzitia joto. Unakumbuka? Jumapili lilikuwa la Uajemi, Jumatatu hadi Jumamosi lilikuwa la choroko. Anakula kidogo siku hizi, lakini kuamrisha hajapunguza.

Nikusimulie kitu. Bwana Herman alipokuwa huku nilimpeleka Songwa amwone Mama, au tuseme aione kaniki ya Mama, ile aliyorithi kwa bibi. Akaishika pindo kwa vidole viwili, akaguna, akasema:

“Mama, hii kaniki ni ya zamani mno. Nipe mimi nikaihifadhi.”

“Ukaihifadhi wapi?”

“Kwenye sanduku la kioo, Mama. Watu watatoka mbali kuja kuiangalia.”

Mama akageuza uso upande ilikotoka sauti. “Ng'wanawane, mwanangu,” akamwambia, “mimi mwenyewe niko hapa miaka yote, na aliye mbali hajaja kuniangalia. Hiyo nguo ndiyo atakayoijia?”

Bwana Herman akaachia pindo. Mimi nikajikuta nimeinama nafunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa kandambili.

Tuyaache hayo, turudi kwenye zulia. Umeandika kijani. Dada, zulia la baba halikuwa na kijani. Lilikuwa jekundu kama ini na buluu kama wino. Kijani pale nyumbani kilikuwa baiskeli na mlango wa choo. Labda vigae vyako vinabadilisha rangi za vitu. Bujiku, anayejua kila jiko la Nyarugusu kwa harufu, anasema kwako hajawahi kukanyaga kigae, ila amewahi kukanyaga kuku. Mimi simwamini. Mtu anayelala juu ya mtama anaweza kuota chochote.

Ya kwangu iko salama kabisa. Iko kivulini, haipigwi jua wala mvua, na ina walinzi usiku kucha.

Bwana Herman anaulizia. Pasaka haiko mbali, na Songwa haijahama. Lete mwenyewe.

Donatus


Nyarugusu
7 Aprili 2024

Donatus,

Marahaba. Pasaka imepita. Nilikula wali na maharage, na sikufa. Loveness alikuja likizo, akanipima mapigo ya moyo, akasema nina hasira. Nikamwambia hiyo si hasira, hiyo ni barua ya mjomba wako.

Walinzi usiku kucha! Bujiku alishusha mtama hapa juzi. Nikamkaribisha chai, na kwa vitumbua viwili tu akanitajia walinzi wako mmoja mmoja, kwa rangi zao. Ni mbuzi, Donatus. Zulia la baba liko kwenye zizi la mbuzi, na yule mwekundu mwenye pembe moja ameshakula kona nzima pamoja na matamvua yake. Hicho ndicho kivuli. Msomi wa mazulia!

Sijamaliza. Bujiku anasema huyo Bwana Herman hajaonekana Kishapu tangu kabla ya Noeli. Alilitazama zulia lako, akawasha gari, na vumbi lake mpaka leo halijajibu salamu. Sasa nani “anaulizia”? Anakuulizia ndotoni? Anapiga simu kwa katekista?

Kuna watu wamezaliwa na kipaji cha uongo. Wewe una hamu tu, kipaji huna. Tangu utotoni. Ulikula sukari ya Mama ukasema ni sisimizi, na sukari iko kwenye nyusi.

Sasa sema, unalitakia nini zulia? Kama ni njaa, sema njaa, nitamtuma Bujiku akuletee mchele. Kama ni uzee umekuanza kichwani, sema, Loveness atakupima. Lakini usinipigie ngoma ya Uajemi nikacheze.

Na kijani kilikuwepo. Pembeni. Wewe usingekiona, ulikuwa unakaa katikati ukila sehemu ya kila mtu.

Mama Loveness


Mhunze
28 Aprili 2024

Dada Philo,

Shikamoo. Nimevuliwa nguo sokoni, na aliyenivua ameshiba vitumbua.

Salamu kwanza. Esta hajambo. Amosi ameng'oa ile honi, sasa breki nazo hazipo. Mama naye mvua za mwisho zimemwachia kifua, kwa hiyo siku hizi ni sisi tunaomtambua yeye kwa kikohozi.

Ni kweli kuhusu mbuzi. Nilikuwa nimelitundika ukutani, juu ya redio. Esta akasema nichague kati ya harufu ile na yeye. Nikalihamishia zizini usiku mmoja tu, nikitafuta mahali pengine. Asubuhi nikakuta mbuzi wamelizoea kuliko mimi, nikaona haya kuwafukuza.

Ni kweli pia kuhusu Bwana Herman. Acha nikusimulie jinsi ilivyokuwa, maana hata nisiposimulia utauziwa habari na Bujiku. Alilitandika juu ya boneti, akakunja kona, akachungulia kati ya nyuzi. Akavaa miwani ya pili. Akaguna. Nami nikaguna.

“Baba Amosi,” akasema, “tazama hapa mgongoni. Hakuna fundo hata moja. Nyuzi zimeshikwa na gundi.”

“Gundi ya Uajemi?” nikauliza.

“Gundi ya kiwandani. Na haya matamvua yameshonewa kwa cherehani. La kweli, matamvua huwa ni nyuzi zake lenyewe, kama nywele na kichwa. Hili limefumwa na mashine, tena si zamani. Aliyempa baba yako alitaka kusafiri bila mzigo.”

“Na nusu nyingine ikipatikana?”

Akanitazama kwa huruma, jinsi daktari anavyomtazama mtu aliyeleta kinyesi cha kupimwa ndoo nzima. “Ikipatikana,” akasema, “utakuwa na zulia zima la mashine.”

Akaondoka. Wakati anageuza gari alikanyaga lile busati langu, akashuka, akaligeuza, akaguna, akalirudisha. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote uliyowahi kupata mkusanyo wangu.

Kwa hiyo hakuna anayeulizia. Ni mimi tu. Nilitaka nione nusu mbili zimekaa pamoja pale Songwa, basi. Mwanaume wa umri wangu ana haki ya kutaka kitu kimoja kisicho na maana.

Lakini na wewe usijifiche nyuma ya mbuzi wangu. Kwa vitumbua viwili Bujiku alikuuzia habari zangu; kwa paja la kuku ameniuzia zako. Anasema siku ile aliposhusha mzigo alikufuata mialoni mnakooshea mchanga wa dhahabu, na pale kwenye ubao ulioinama, chini ya maji ya tope, aliona nyekundu na buluu anazozijua. Anazijua vizuri, maana utotoni baba alimfukuza juu yake kwa fimbo. Sebule yako ina maji mengi, dada. Naona ndiyo maana wageni wanavua viatu.

Hata hivyo, ilete. Hivyo hivyo ilivyo.

Donatus


Nyarugusu
9 Juni 2024

Donatus,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakasirika, na mimi hasira yangu siipiki kwa moto mkali.

Sina vigae. Nina chumba cha bati, na uani nina kuku, wale ambao Bujiku amewakanyaga. Lile la kijani ni zulia nililolinunua mnada wa Katoro baada ya barua yako ya kwanza. Nilitaka nilikate katikati nikuletee nusu, usijue. Nilikuwa nimeshalipima na mkasi ninao mkononi. Umecheka? Haya. Ukimaliza kucheka, soma.

Siku ya kugawana nilisimama mbele ya ukoo nikasema sitaki ng'ombe wala shamba, nipeni zulia la baba. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye pale Jumapili nikimsomea gazeti la zamani kama vile ni la leo. Ukafungua mdomo wako ukasema, “Mpeni, akaoshee dhahabu!” Ukoo mzima ukacheka. Mama naye, nilimwona kwa nyuma, mabega yanatikisika. Na Baba Mdogo Masalu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuelewa utani, akadhani umetoa hoja. Akainuka na panga, akapiga katikati. “Nusu ya kukalia,” akasema, “na nusu ya kuoshea dhahabu. Haki imetendeka.” Hukumzuia. Ulikuwa bado unafuta machozi ya kicheko.

Basi nilikwenda nikaoshea dhahabu. Kwa hasira tu, nikukomoe. Wenzangu mialoni wanatandika magunia na vipande vya blanketi kwenye ubao, wanamwaga mchanga uliosagwa na maji juu yake. Mchanga unateremka, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nywele za nguo. Zulia la baba lilinasa kuliko magunia yote. Wanawake wakalipa jina, wanaliita Mwajemi. Asubuhi hawaniulizi mimi nimeamkaje, wananiuliza, “Mama Loveness, Mwajemi ameamkaje?” Mwajemi ndiye anayemsomesha Loveness. Utani wako, Donatus, umefanikiwa maishani kuliko wewe.

Na kwamba ni la mashine, nilijua siku ileile. Panga lilipopita nilisikia harufu ya gundi. Mimi kazi yangu ni kutazama vitu ambavyo watu wanaapa kuwa ni dhahabu. Sikusema neno, kwa sababu baba alikuwa kaburini na asingeweza kujitetea. Wewe ulihitaji miwani mbili kutoka Arusha.

Huku nguo ya ubao ikichakaa inachomwa, na majivu yake yanaoshwa, itoke dhahabu iliyojificha ndani. Kila mtu ananiambia nimchome Mwajemi, ameshazeeka. Sijamchoma. Nikishika kiberiti nasikia choroko zinavyolia zikimwagwa juu yake.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Barua zako zote ziko hapa mbele yangu. Ya kwanza inasema lete zulia. Ya pili inasema lete zulia. Ya tatu imekiri kwamba zulia ni takataka, na bado inasema lete zulia. Hakuna hata moja inayoniita mimi. Mama unamtaja mwanzoni, pamoja na mvua na pikipiki: macho hayaoni, anakula kidogo, anakohoa, kama mtu anayesoma hali ya hewa redioni. Mama ananiulizia, au haniulizii? Nataka neno moja, bila utani. Kama huliwezi, niambie, nitajua nilikuwa nasoma nini miezi yote hii.

Philomena


Mhunze
16 Juni 2024

Dada,

Shikamoo.

Mama anakuulizia.

Anakuulizia kila mlango ukilia. Anasema, “Ni Philo?” Nikimwambia ni mimi, anasema, “Haya, karibu,” kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Siku ile ya panga hakucheka. Alikuwa amejifunika kaniki usoni na analia, ndiyo maana mabega yalitikisika. Wewe ulikuwa umeshageuka, na mimi sikukufuata kukuambia.

Sikuliandika mapema kwa sababu neno hilo halina utani ndani yake, na mimi kitu kisicho na mpini sijui kukibeba.

Rudi nyumbani, dada. Njoo mikono mitupu. Mwajemi mwache kazini, ana mtoto wa kusomesha.

Donatus


Nyarugusu
23 Juni 2024

Donatus,

Marahaba.

Namba yako nimeifungulia. Usipige, nitapiga mimi nikifika Shinyanga. Nakuja Jumamosi na fuso la Bujiku. Nitakaa mbele, siyo juu ya mzigo.

Mwajemi nimempa likizo, nakuja naye. Nimemwosha mara mbili na bado ana mchanga, kwa hiyo Mama asimwage choroko juu yake mpaka nimkung'ute mwenyewe. Na nikimkung'uta usije ukasimama karibu ulimi nje ukitega dhahabu. La kijani nimelikatakata vipande vya kufutia miguu. Kimoja ni chako, kwa ajili ya mkusanyo. Ukikitundika ukutani, mimi narudi Nyarugusu siku hiyohiyo.

Nusu yako itoe zizini, ioshe, uianike Songwa. Yule mbuzi mwekundu mwenye pembe moja aliyekula kona ya zulia la baba, nataka nimkute sufuriani. Tukikuta fundo hata moja kwenye nyama yake, umwite Bwana Herman.

Na siku hiyo mlango ukilia, funga huo mdomo wako. Mwache Mama aulize.

Philo